Miaka Yangu ya Kuombea Programu ya Bure

Vijana wangu, mtu akiwaambia anajua siri ya kupata ufadhili, mwulizeni kwanza amekataliwa mara ngapi. Mimi sikumbuki. Niliacha kuhesabu siku boksi la barua za kukataliwa lilipopasuka kitako ngazini, barua zikatapakaa hadi mlangoni kwa mwenye bucha, naye akaniuliza kama ni za kufungia nyama.

Sasa nimestaafu. Nakaa mtaa wa Tena, hapa Nairobi, nagombana na kuku wa jirani, na kila wiki haikosi kijana anayebisha mlango akiwa na kompyuta kwapani. "Shosho, nisomee hii proposo kidogo." Nimewasomea wengi maombi yao ya ufadhili mpaka macho yananiwasha, kwa hivyo nimeamua kuandika yote mara moja. Nyinyi mnaotengeneza programu na kuwapa watu bure, kaeni chini. Kuitengeneza ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kumshawishi mtu mgeni aliye mbali, ambaye hajawahi kuwaona, awalishe mkiendelea kuitoa bure.

Mimi ni Florence Nekesa, Mama Simiyu. Nilikuwa karani wa kupiga chapa mpaka ofisi yetu ilipopunguza watu, nami nikapunguzwa wa kwanza. Mwaka huohuo jirani yetu Musyoka, mtoto wa mchonga vinyago kutoka Ukambani, alikuwa ametengeneza programu aliyoiita Kumbusha. Kazi yake ilikuwa moja. Kliniki ndogo inaandika jina la mama, tarehe ya mtoto kuzaliwa na namba ya simu. Siku ya chanjo ikikaribia, Kumbusha inamtumia mama meseji: mlete mtoto. Basi. Musyoka hakuitunga kwa kutaka sifa. Mpwa wake alishikwa na surua kwa sababu tarehe ya chanjo ilipita bila mtu kukumbuka, na yule mtoto alilazwa mpaka tukaanza kuogopa kumuuliza mama yake habari. Alipopona, Musyoka akajifungia na kompyuta.

"Sasa Mathe," akaniambia, maana ndivyo vijana wa mtaani wanavyomwita mama, "wewe unajua kuandika barua za ofisi. Mimi najua hii mashine. Tuungane."

"Nani atatulipa?"

"Hakuna. Ni programu huria."

Nikamwambia anieleze kwa Kiswahili cha mtu mwenye njaa. Akasema ni kama chapati. Mtu anakupa chapati, halafu anakupa na namna ya kuipika. Ukitaka kuongeza nazi, ongeza. Ukitaka kumfunza jirani, mfunze. Sharti ni moja tu, usimnyime mwingine.

"Na mpishi anakula nini?"

Musyoka alikuna kichwa. Vijana, huo mkuno wa kichwa ndio ulionipa kazi ya miaka yote hii.

Tulikodi chumba Soko la Burma, juu ya bucha ya Bwana Ndirangu. Chumba kilikuwa chake pia. Siku za kwanza alimsikia Musyoka akijitapa kwa mgeni kwamba sisi tunaandika kodi na kuitoa bure kwa dunia nzima. Alikuwa anazungumzia ile lugha ya kompyuta, yaani msimbo, lakini Ndirangu alipanda ngazi akiwa bado na kisu mkononi.

"Nasikia nyinyi mnatoa kodi bure kwa dunia nzima."

"Ndiyo!" akasema Musyoka, amejaa fahari.

"Basi mbona yangu sijaiona?"

Tangu hapo tulisema msimbo.

Ndirangu ndiye aliyenifunza kuandika maombi, na sioni haya kusema hivyo. Ombi langu la kwanza nililiandika kwa Kiingereza cha ofisi, kirefu na kilichonyooshwa pasi. Salamu zilichukua nusu ukurasa. Nikataja mataifa, karne na maendeleo. Nilikuwa nalijivunia, nikashuka nalo chini, nikamtafsiria Ndirangu sentensi moja moja huku akikata maini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama Simiyu, umenisomea kurasa mbili, na bado sijui kama mnauza dawa au redio."

"Si nimeeleza hapa, mfumo jumuishi wa..."

"Mtu akija hapa simwelezi habari za malisho. Simwambii ng'ombe alizaliwa wapi. Namwambia, mbavu hizi, za leo asubuhi, shika uone. Akitaka mengine ataniuliza."

Nilipanda juu nimenuna, nikararua zile kurasa, nikaanza hivi: Watoto wanakosa chanjo kwa sababu mama wana mengi ya kukumbuka. Sisi tunawakumbusha. Kuanzia hapo kila ombi lilipitia buchani kwanza. Ndirangu akikunja uso, narudia.

Msidhani basi tulianza kupata. Tulianza kukataliwa haraka zaidi, kwa sababu sasa walikuwa wanatuelewa.

Niwaambie kosa lililoniuma kuliko yote. Kulikuwa na mfuko mmoja wa ng'ambo uliokuwa ukipokea maombi kwa tovuti yao, na siku ya mwisho ikifika mlango unafungwa. Nilimwuliza Musyoka unafungwa saa ngapi kwa saa zetu. Akapiga hesabu, akaniambia, "Saa tano asubuhi, Mathe."

Nikashukuru Mungu. Jioni ile nikalisoma ombi mara ya mwisho, nikalala usingizi mzuri. Asubuhi nikaoga, nikavaa rinda la kanisani, nikanunua mandazi ya moto, nikafika ofisini saa mbili. Tukanywa chai bila haraka. Saa tatu nikakaa mbele ya kompyuta, nikapangusa vidole, nikabonyeza kile kitufe cha kutuma.

Kitufe kilikuwa kimekufa. Rangi ya jivu. Nikabonyeza tena. Nikamwambia Musyoka mashine yake imeharibika.

Akaja, akasoma, akashika kiuno. "Mathe, wamefunga."

"Wamefungaje? Si ulisema saa tano asubuhi?"

"Ndiyo. Saa tano asubuhi."

"Na sasa ni saa tatu!"

Tukatazamana. Musyoka alisoma shule za kusemeshwa Kiingereza tu, zile ukisema Kiswahili unavishwa kibao shingoni. Nikaona kitu kinapita usoni mwake polepole, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko likiwaka.

"Ilikuwa saa tano ya Kizungu," akasema kwa sauti ndogo.

Saa tano ya Kizungu ni saa kumi na moja alfajiri. Wakati mlango unafungwa mimi nilikuwa nakoroma. Nilikula mandazi yote, yake na yangu. Tangu siku hiyo ukutani petu kulikuwa na saa tatu za karatasi kila tunapoomba: saa ya kwao, saa yetu, na saa ya Musyoka. Fanyeni hivyo hivyo.

Kisha kuna mahojiano ya kwenye kompyuta. Mkifika hatua hiyo, chunguzeni jirani yenu wa chini anafanya nini. Sisi tulifika mara moja kwa mfuko mkubwa, tukaitwa kuzungumza na waamuzi watatu. Nimekaa, nimefunga kilemba, nang'aa kama bibi arusi. Nikaanza kueleza jinsi tunavyowalinda watoto. Chini, Ndirangu akaanza kupasua mifupa. Twa! Twa! Twa!

Mwamuzi mmoja, mzee mpole, akakunja uso. Akauliza kama tuko salama.

Nikasema tuko salama kabisa. Twa! Musyoka akashuka ngazi mbio kumwomba Ndirangu asubiri. Nami niliyebaki juu, pamoja na waamuzi watatu ng'ambo ya bahari, tukasikia sauti ya Ndirangu ikipanda, tena kwa Kiingereza, kwa sababu alikuwa amejua kuna wageni na alitaka kuwaheshimu: nipe dakika moja, nimalizie huyu mguu!

Yule mzee akauliza mguu wa nani.

Barua yao ya kutukataa ilikuwa ya upole sana. Walituombea amani.

Lakini hayo yote ni ya kuchekesha tu. Ugumu wenyewe ulikuwa kwingine, na huu nataka muushike. Wafadhili wanapenda kuanzisha. Hakuna anayependa kutengeneza. Mnawajua watu wa harambee: kila mheshimiwa anataka kuweka jiwe la msingi apigwe picha, lakini choo kikiziba hutawaona. Kila fomu iliniuliza, mnaleta jambo gani jipya? Nami nilikuwa na programu inayofanya kazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hatia yetu. Tulipata msaada mara mbili tatu, mdogo mdogo, na kila mara ilibidi tubandike kitu kipya ambacho hakuna kliniki iliyokiomba. Mwaka mmoja tulibandika ramani. Hakuna mama aliyewahi kupotea akienda kliniki ya mtaani kwake, lakini ramani tuliweka.

Huku kile cha zamani kinachakaa. Musyoka alipoiandika Kumbusha, namba zote za simu za Kenya zilikuwa zinaanza na sifuri saba. Akaifunza hivyo. Baadaye zikaja namba za kuanza na sifuri moja, na Kumbusha ikawa inaziona kama makosa ya mwandishi. Inazitupa pembeni kimya kimya, bila kulalamika. Musyoka alijaribu kupaziba, lakini zile namba zilikuwa zimeshonwa kila mahali ndani ya programu. Akivuta uzi hapa, mfuko unafumuka kule. Ilihitaji miezi ya kukaa na kazi hiyo tu, naye kwa wakati huo alikuwa anaunganisha intaneti za watu ili ale.

Aliyetushtua ni Sista Rhoda, muuguzi wa kliniki moja kule Njiru. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kupanga foleni.

"Mama Simiyu," akanipigia, "hiyo Kumbusha yenu imesahau."

"Imesahau nini, Sista?"

"Wamama wenye laini mpya hawaji. Nimewapigia mmoja mmoja kwa simu yangu. Wanasema hawajaona meseji. Jana nimepokea mtoto wa surua. Mama yake alikuwa anangoja mumkumbushe."

Vijana, mtu asiyekuahidi kitu hakuumizi akikosa kuja. Sisi tulikuwa tumeahidi.

Ndipo nikafanya jambo ambalo siwafichi. Msimu huo kila mfuko ulikuwa unataka akili mnemba, hizi mashine za kufikiri. Ukitaja matengenezo wanapiga miayo. Ukitaja akili mnemba wanaamka. Nikakaa chini nikaandika kwamba Kumbusha inatumia akili mnemba kutambua mama aliye katika hatari ya kusahau.

Musyoka akasoma juu ya bega langu. "Mathe. Hiyo akili iko wapi?"

"Itakuja na pesa."

"Na wakikuja kuiangalia?"

"Hawajawahi kuja."

Nilipompelekea Ndirangu, alisikiliza, akafuta kisu, akasema, "Hii ni mara ya kwanza unaniuzia nyama sijaiona." Nikamwambia ashughulike na maini yake.

Tulipita mchujo wa kwanza. Tukapita wa pili. Kisha ikaja barua kwamba afisa wao wa hapa Nairobi angependa kutembelea kliniki aone akili mnemba ikifanya kazi.

Afisa alikuwa Bi Wairimu, mwanamke mtaratibu, viatu vya chini, daftari dogo. Tulimpeleka Njiru, nami nilikuwa nimepanga kumwonyesha ramani. Aliitazama ramani kwa adabu. Kisha akamgeukia Sista Rhoda, aliyekuwa mezani na daftari lake na kalamu nyekundu.

"Sista, na ile akili mnemba inayotambua akina mama watakaosahau, naweza kuiona?"

Mimi nikaanza kukohoa. Musyoka akawa anaangalia dari kama anayetafuta uvujaji. Sista Rhoda, ambaye hakuna mtu aliyemwambia lolote, akaweka kalamu chini.

"Akili gani? Ni mimi."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Mama akija mara ya kwanza bila kitabu cha kliniki, namwekea alama nyekundu. Akiniambia 'nitaona, Sista', alama nyekundu. Akija na mama mkwe wake na mama mkwe ndiye anayejibu maswali, alama mbili. Hao ndio huwa nawapigia. Sijawahi kukosea sana."

Bi Wairimu aliandika yote hayo kwenye daftari. Kisha akanitazama, wala hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali.

"Madam Florence?"

"Hakuna akili mnemba," nikasema. "Niliandika kwa sababu mnaitaka. Tunachohitaji ni kutengeneza namba za simu. Niliomba hilo mara nyingi nikakataliwa, nikachoka."

"Sitaweza kuipitisha," akasema. "Ningeweka sahihi yangu juu ya uongo."

"Najua, mama."

Tulitoka nje, jua la Njiru linatuchoma utosi. Nilikuwa na umri wa kuitwa shosho na nilikuwa na aibu ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Musyoka hakunilaumu. Alichosema kiliniuma zaidi. Aliniambia benki moja imempa kazi, ataanza mwezi ujao, na alikuwa ameshindwa kupata siku ya kuniambia. Mtoto wake wa kwanza alikuwa njiani. Nikamwambia ni vizuri, hongera, na nilikuwa namaanisha. Lakini kliniki zote zilizotutegemea zilipita kichwani mwangu moja moja, kama watu wanaoaga maiti.

Bi Wairimu alikuwa anafungua mlango wa gari lake. Akausimamisha.

"Tuna mfuko mwingine mdogo," akasema. "Ni wa matengenezo tu. Hauombwi sana, hauna jina la kupendeza. Lakini una sharti: lazima kuwe na mtu asiye wenu anayeitumia programu na aliyechangia kuitengeneza. Mtu halisi." Hilo neno halisi alilisema akinitazama mimi.

Tulirudi Burma. Tulipofika juu Musyoka akafungua kompyuta, akasema, "Mathe, unamkumbuka yule tapeli wa Mwanza?"

Nilimkumbuka. Miezi kadhaa nyuma tulikuwa tumepokea barua kutoka kwa mtu aliyejiita Baraka. Ilianza hivi: Ndugu zangu, shikamooni. Naomba radhi kwa kuwasumbua. Katika kuitumia programu yenu hapa Mwanza nimebaini kasoro ndogo, nami nimejaribu kuirekebisha kwa kadiri ya uwezo wangu. Mkipendezwa na marekebisho haya, yachukueni, msipopendezwa, nisameheni.

Siku ile Musyoka alisema hakuna msee duniani anayesalimia hivyo kama hataki kitu. Nami, kwa busara zangu zote, nikamjibu Baraka mstari mmoja: Kijana, hapa hakuna pesa, jaribu kwingine. Naye akanijibu: Ahsante kwa ushauri, mama. Marekebisho nimeyaacha palepale penye msimbo wenu, mkiyahitaji.

Sasa Musyoka akayafungua. Akasoma. Akasogeza kiti. Akasoma tena, na midomo inacheza kama mtu anayesali.

"Manze," akasema. "Huyu jamaa ametengeneza namba."

Ilikuwa hivi. Namba za Tanzania hazifanani na zetu, kwa hivyo Kumbusha ilikuwa inazikataa zote. Mtu mwingine angeitupa. Baraka, aliyekuwa fundi kompyuta wa zahanati moja huko, aliifumua sehemu yote ya namba akaishona upya ikubali namba ya nchi yoyote. Na katika hizo nchi yoyote tulikuwamo na sisi, sifuri moja na wote. Kazi tuliyokuwa tunaililia ilikuwa imekaa mlangoni petu tangu zamani, nasi tumeifukuza kwa kuwa ilibisha hodi kwa adabu.

Nilitafuta kamusi. Nikamwandikia barua ya kumwomba msamaha kwa Kiswahili kizuri kuliko chote nilichowahi kutumia, jasho likinitoka, nikijua atasahihisha kimoyomoyo. Akajibu siku hiyohiyo: Usijali, mama. Hata mimi nilidhani nyinyi ndio matapeli, maana programu nzuri namna hii haiwezi kuwa ya bure.

Tukaandika ombi pamoja, sisi Burma na yeye Mwanza. Tuliomba pesa za kuwalisha Musyoka na Baraka kwa kipindi cha kuunganisha marekebisho, kuyajaribu, na kuyapeleka kliniki moja baada ya nyingine, kwa sababu nyingi hazina intaneti ya kutegemea. Sikuweka ramani wala akili mnemba. Nilieleza na kosa tulilofanya na namba, na yule mtoto wa surua. Ndirangu alisikiliza hadi mwisho bila kukunja uso.

"Mna kitu," akasema. "Kinafanya kazi. Kimeharibika mahali. Mnataka kukitengeneza, na fundi mmepata. Mbona hamkusema hivi tangu zamani?"

Nikamwambia tulisema. Tulikosa tu wa kutusikiliza.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo nilipokaribia kuua kila kitu kwa mkono wangu mwenyewe. Barua za wafadhili zina neno la kwanza, nalo ni Tunasikitika. Mtu akisoma Tunasikitika miaka na miaka, jicho linajifunza kuishia hapo. Nilikuwa sisomi zaidi. Barua ya Bi Wairimu ilipofika, jicho langu likaona Tunasikitika, mkono ukaichapisha, ukaitia faili ya kukataliwa, na mimi nikamwambia Musyoka, "Basi, mwanangu. Nenda benki." Hatukulia. Tulishuka chini, Ndirangu akatukatia nyama ya kuagana, tukala.

Siku ya tisa nilikuwa mtaani Tena kwa msusi, nywele nusu ya kichwa zimesukwa na nusu zimesimama kama zimeona nyoka. Simu ikalia.

"Madam Florence, mmeamua kukataa?"

"Kukataa nini, Bi Wairimu?"

"Ufadhili. Tumengoja jibu lenu. Leo saa kumi jioni ndiyo mwisho, tukikosa sahihi zenu wote tunampa anayefuata."

"Lakini mlisikitika!"

Akanisomea polepole, kama anamsomea mtoto: Tunasikitika kwa kuchelewa kuwajibu. Tunafurahi kuwajulisha kwamba...

Sikungoja kwamba. Nilisimama, msusi bado ameshika nywele zangu, tukatoka naye hatua mbili kabla hajaachilia. Nilimwuliza Bi Wairimu swali moja tu: saa kumi ya nani? Akacheka, akasema saa kumi ya kwetu, mama, jua likielekea kutua kule Kikuyu.

Musyoka alikuwa kwa fundi cherehani, anapimiwa suti ya benki. Nilipompigia kumwambia, nilisikia tu fundi akipiga kelele, "Wewe! Suruali yangu! Ina pini!"

Ndirangu hadi leo huwasimulia wateja mchana ule. Anasema alimwona mama mzima akipanda ngazi nusu kichwa, na nyuma yake mwanamume aliyevaa koti lenye mkono mmoja akitembea kama mbuni kwa sababu ya pini. Tuliweka sahihi. Baraka akaweka yake huko Mwanza, akaambatanisha salamu za nusu ukurasa. Ilipotimia saa tisa na nusu karatasi zilikuwa zimefika. Musyoka alitaka kukaa, akakumbuka pini, akabaki amesimama. Akaipigia benki simu akiwa amesimama hivyohivyo, akiomba radhi kwa Kiingereza cha upole kabisa.

Kazi ilichukua muda wake. Kliniki ya mwisho kuwekewa Kumbusha mpya ilikuwa ya Sista Rhoda, kwa sababu Musyoka alitaka kuipeleka kwake ikiwa haina aibu. Aliiweka siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi simu yangu ikalia, na kabla sijasema hallo nilisikia nyuma yake makelele ya soko.

"Mama Simiyu! Mmenifanyia nini?"

"Kuna nini, Sista?"

"Wamekuja wote! Wale wote wa laini mpya, wa miezi yote hiyo! Wamejaa benchi, wamejaa veranda, wengine wako nje kwa muuza mahindi. Kila mmoja ananionyesha simu, 'Sista, nimeambiwa nije leo.' Mimi nina mikono mingapi?"

Kumbe Kumbusha ilipozinduka ilizikuta namba zote ilizokuwa imezitupa pembeni, na kwa kuwa hakuna aliyeifunza subira, ikawatumia wote meseji kwa mpigo. Hilo hatukuliandika popote kwenye fomu.

Nilipofika Njiru, Sista Rhoda hakunisalimia. Alinisukumia mtoto mmoja mnene mikononi, mama yake akiwa bado anajaza kadi, akaniambia nisimame kwenye mstari na nisiongee. Nikasimama. Nilikuwa na kazi ya miaka mingi nyuma yangu na huyo ndiye mtoto wa kwanza wa Kumbusha niliyewahi kumshika. Alinikojolea rinda. Zamu yetu ilipofika alidungwa sindano, akalia mpaka veranda nzima ikageuka kutazama, na mimi nikalia naye, na Sista Rhoda akasema kwa ukali kwamba anayelia asogee kando, wengine wanangoja.